Kila Mtu na Sahani Yake

Mimi ndiye niliyeichagua hoteli ya yule Mtaliana, na niliichagua kwa sababu moja tu: pale kila mtu huletewa sahani yake. Mkubwa wangu wa kazi, kwenye ofisi ya malori kule Shimanzi, aliwahi kutupeleka makarani wake siku moja. Wenzangu wakihangaika na uma, mimi niliangalia meza nzima nikaona jambo ambalo nyumbani kwetu Mji wa Kale sikuwahi kuliona. Hakuna sinia. Hakuna mkono wa mtu karibu na mkono wa mwenzake. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapowaleta.

Wa kuwaleta walikuwa wawili, baba yangu na ami yangu, mdogo wake baba. Walikuwa na miaka hawajala pamoja. Bibi alipofariki, ami alikipangisha chumba alichofia mama yao kwa mfanyabiashara wa Marikiti, naye akakijaza magunia ya vitunguu. Ami aliona chumba ni chumba. Baba aliingia, akayakuta magunia pale palipokuwa na kitanda, akatoka mpaka barazani na kusema kwa sauti iliyosikika mtaa mzima: "Wallahi, mkono wangu na wako haitakutana sahani moja mpaka naingia kaburini." Magunia yaliondolewa wiki ile ile. Kiapo kikabaki.

Asiyeyajua mambo yetu anaweza kudhani kiapo hicho ni chepesi. Lakini sisi harusini, matangani, kwenye maulidi, tunakula watu watano sita sinia moja. Ilibidi watu wa mtaa wajifunze kuwakalisha ndugu hao pembe mbili za jamvi, kana kwamba mmoja wao ana upele. Nilikuwa naona haya, na zaidi ya haya nilikuwa na hasira. Watu wazima wenye mvi, wanapangwa kama watoto waliogombana chuo cha Kurani!

Kisha, katikati ya miaka ile ya tisini, nikaposwa. Nikahi ikishasomwa, wazee wa bibi harusi hukaa sinia moja na bwana harusi, na hapo hakuna pembe mbili. Baba aliniambia wazi, "Chagua. Ama mimi, ama yeye." Ningechagua vipi? Mama alikufa nikiwa mdogo, baba akiwa njiani na lori lake kwenda Kampala, na walionilea ni ami na mkewe. Ami ndiye aliyekesha nami nilipougua surua. Ami ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka chuoni mvua ikijaza vichochoro. Nikahi bila baba isingewezekana, na bila ami mimi nisingeitaka. Ilikuwa imebaki wiki moja, siku yenyewe Ijumaa, na barua ya mwaliko ya ami ilikuwa bado imo mkobani mwangu.

Basi nikamwendea baba nikamwambia kwamba kiapo chake kilitaja sahani moja, hakikutaja meza moja.

"Siku hizi umekuwa wakili?" akauliza. Lakini hakukataa.

Tulikwenda Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. Hoteli ilikuwa Kizingo, sebule tu ya nyumba ya zamani iliyotiwa meza chache zenye vitambaa vya mirabaraba. Mwenyewe alikuwa mzee mnene mwenye Kiswahili alichokiokota Malindi. Baba aliingia na kanzu yake na koti, akaziona chupa za mvinyo rafuni, akageuza kiti akazipa mgongo. Ami akaja nyuma yake.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu ssalaam," baba aliuambia ukuta. Salamu ni lazima ijibiwe, ila hakuna aliyemlazimisha kumtazama mtu.

Ami alikaa, akaniinamia na kuninong'oneza, "Mwanangu, chakula kitakawia? N'shadunga sindano yangu." Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nikamwambia hakikawii hata kidogo. Nilikuwa na hamu mno mambo yaende vizuri, kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimjibu analotaka kusikia.

Weita, bwana mmoja wa Kidigo mwenye shati jeupe, akaja kutuhudumia. Baba hakumpa nafasi.

"Nyama yenu yatindwa na nani?"

"Muislamu, mzee wangu. Shemeji yangu khasa ndiye atindaye."

"Na nguruwe hapikwi humu?"

"Nguruwe ana sufuria zake, mzee."

"Basi nyama sitaki."

Nikaagiza spageti za kamba, sahani tatu. Nililirudia hilo mpaka weita akanitazama vibaya. Baba akataka kujua spageti ni kitu gani, nikamwambia ni tambi. "Tambi na kamba? Pasi na sukari wala iliki?" Ami akacheka. Baba hakucheka, na ami akakimeza kicheko chake. Mimi nilizungumza peke yangu, mambo ya kazini, mambo ya mshonaji, upuuzi mtupu, na kila nikinyamaza nasikia feni inavyolia juu ya vichwa vyetu.

Weita alipopita tena, akaniuliza tunasherehekea nini. Nikamjibu kwamba Ijumaa naolewa. Akaenda jikoni akiwa anatabasamu, nami sikulitilia maanani.

Chakula kikakawia. Hatimaye mlango wa jikoni ukafunguka, lakini hazikuwa spageti zetu. Mtaliana mwenyewe alikuja amebeba pizza, duara kubwa kama gurudumu la mkokoteni, jibini inachemka juu yake, imekatwa vipande na kuachwa papo hapo kwenye sahani moja pana ya bati. Akaiweka katikati yetu.

"Zawadi ya bibi harusi! Tambi nakuja bado kidogo. Kula, kula!" Akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono kifuani akingoja tumsifie.

Nikawahi kunyosha mkono nimpakulie kila mmoja kipande chake.

"Wacha," baba akasema. "Usinifanye mtoto. Chombo ni kimoja."

"Basi tungoje spageti, baba."

"Mimi nangoja. Sina haraka."

Nikamgeukia ami. "Ami, wewe hukuapa. Kula."

"Mkubwa wangu hajanyosha mkono," akanijibu taratibu.

Ndivyo tulivyolelewa: mdogo hamtangulii mkubwa wake kwenye chakula. Ami alikuwa amepangwa pembe ya jamvi miaka yote ile, ametukanwa barazani watu wanasikia, na bado adabu hiyo alikuwa hajaiacha. Baba alilisikia jibu hilo. Akaangalia kitambaa cha meza.

Jibini ikaacha kuchemka. Mtaliana alianza kukunja uso, akidhani tumekidharau chakula chake. Mimi hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka, nikaanza kusema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba wananiaibisha, kwamba wote wawili hawanipendi, kwamba nitaomba nikahi isomwe Nairobi ambako hakuna anayewajua. Nilikuwa natazama mikono yangu. Niliponyanyua uso, ami alikuwa amelowa jasho. Kofia yake imelowa, midomo imekuwa myeupe. Nikadhani nimemuudhi. Alitaka kushika gilasi ya maji, ikamponyoka na maji yakamwagika mezani.

"Wewe," baba akasema. "Una nini?"

Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya magunia.

"Sina kitu, kaka."

"Umedunga sindano?"

Ami akatikisa kichwa kukubali. Baba akasimama. Mama yao alikuwa na sukari hiyo hiyo, na baba ndiye aliyekuwa akimwangalia. Jasho lile alilijua: ni la sindano iliyokosa chakula.

"Kula!"

"Wewe kwanza, kaka." Ulimi ulikuwa mzito, lakini alilisema.

"Mkaidi we! Wataka ufe kwa adabu?"

Mikono ya ami ilikuwa inatetemeka mapajani mwake na haikupanda juu ya meza. Kilichofuata kilikuwa cha mara moja tu, lakini mpaka leo nakiona. Baba akasema bismillahi, akachomoa kipande kutoka kwenye ile sahani ya bati, akauma, na kilichobaki akamtilia ami mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kama tunavyomlisha mtoto. Kisha cha pili. Kisha akamkemea weita alete soda, haraka. Ami alitafuna huku machozi yanamtoka, sijui ni ya ugonjwa au ni ya nini. Mtaliana kule nyuma akapiga makofi, maskini, akadhani ni mila yetu ya harusi.

Rangi ikamrudi ami. Spageti zikaja, sahani tatu, na hakuna aliyekuwa na habari nazo. Baba alinawa mikono, akaniambia nimtie ami kwenye teksi nimfikishe mlangoni, akatoka akaenda zake kwa miguu. Hakumuaga ndugu yake. Jioni ile nyumbani alijifungia chumbani kwake. Nililala na hofu kubwa kuliko niliyokuwa nayo kabla. Baba yangu hakuwa mtu wa kuchezea jina la Mungu, na mimi nilikuwa nimempeleka mahali akavunja kiapo mbele ya chupa za mvinyo. Huenda alimlisha ami kama unavyomwokoa mtu yeyote aliyeanguka barabarani, na baada ya hapo Ijumaa ndiyo imekufa kabisa.

Asubuhi nikamtengea mahamri na mbaazi. Akalisukuma bakuli pembeni.

"Nimefunga."

"Funga gani hii, baba? Ramadhani bado."

"Kafara ya kiapo nilichokivunja. Maskini kumi wa kuwalisha siwawezi, nina harusi. Siku tatu za njaa naziweza."

Nikaliweka birika chini. Niliogopa kuuliza, nikauliza. "Na Ijumaa, baba?"

Akanitazama kana kwamba nimekuwa mjinga ghafla.

"Wadhani n'takaa siku tatu na njaa kwa sababu ya kipande cha mkate? Mpelekee barua yake. Na umwambie asidunge ile sindano mpaka alione sinia mbele yetu."