Bibi Sinema Aliyezaliwa Mara Mbili

Jumamosi iliyopita nilimcheka mtu anayekufa. Usinihukumu haraka, rafiki yangu, ngoja nikueleze. Nilikuwa hapa nyumbani Gahanna, huku Amerika, nimekaa chini sebuleni nachambua mchele, televisheni inaongea peke yake, mara nikamwona mwanamke amelala kitandani, mkono unaning'inia, mume amempigia magoti. Filamu ya zamani, ile isiyo na rangi. Mwanamke akavuta pumzi ya mwisho, na mimi nikaangua kicheko hata mchele ukamwagika. Binti yangu aliniangalia kwa hofu, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mzima. Nikamwambia huyo namjua, alikuwa jirani yetu kule Louisville, na alizoea kuniambia kwamba amekufa mara saba na haikumuuma hata mara moja. Binti yangu hakuamini. Ni mtoto wa kwetu kweli, haamini kitu akisikia mara ya kwanza.

Sisi tulilelewa hivyo. Tulipofika Beechmont, mtaa wa Louisville, nilikuwa na miaka tisa, au ndivyo karatasi zilivyosema, maana kwenye karatasi nyumba nzima tulizaliwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na bibi yetu tuliyemwita Koko. Mama alipanda basi alfajiri kwenda kiwandani Jeffersontown, ameshika bugali wake wa mchana uliofungwa vizuri, akarudi jioni miguu imevimba. Mimi na Koko tulibaki na nyumba. Ndege zilipita chini chini juu ya paa kwenda kutua, vikombe vikatetemeka, na Koko akazitazama kila moja mpaka ipotee. Alisema ndege isiyochoka kupita juu ya nyumba yako inatafuta kitu.

Alikuwa na sababu zake. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ya kuletwa Amerika, watu waliitwa ofisini kuulizwa maisha yao, wakaitwa tena, na tena. Ole wako majibu yasilingane. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa Koko, mara ya kwanza alisema walikimbia na mbuzi mmoja. Mara ya pili akasema wawili. Dosye yake, yaani faili lake, ikasimama hapo hapo, na sisi tukapanda ndege tukamwacha amesimama kwenye uzio. Mbuzi mmoja, ndugu yangu! Ndiyo maana hata baada ya kufika, kila Jumamosi baada ya chai Koko alituketisha mezani turudie dosye. Ulizaliwa wapi? Mulikimbia siku gani? Mama yako ni nani? Tulijibu kwa zamu, neno kwa neno, na ukikosea alianza upya tangu mwanzo. Watoto wenzangu Jumamosi waliangalia katuni.

Bibi Sinema, ndivyo tulivyomwita jirani yule, aliingia maishani mwetu kwa sababu ya sombe, majani ya muhogo. Koko alikuwa anatwanga majani yake nyuma ya nyumba, kinu kinalia du, du, du, nami napuliza moto wa mkaa, na tukaona mzungu mzee anavuka uani kwetu amepaka midomo rangi nyekundu. Saa tano ya asubuhi! Akauliza kwa ishara kama anaweza kujaribu. Koko akampa mchi. Akatwanga mara tatu, akaurudisha, kisha akatuinamia mbele ya kinu kana kwamba uani pale kuna mamia ya watu. Mimi nilipiga makofi. Koko hakupiga.

"Mutu muzee, midomo mwekundu asubuhi yote hii," alisema mgeni alipoondoka. "Eko anamungojea nani?"

Basi nikaanza kwenda kwake. Mwanzoni nilitumwa kumpelekea lengalenga za bustani, maana Koko hata akikushuku hawezi kuacha kukugawia mboga. Baadaye nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Nyumba yake ilinukia poda na chai ya limau, picha zake zimejaa ukutani, na katika kila picha ana nywele tofauti. Kiingereza changu chote cha mwanzo nimekipata kwenye kiti chake cha kijani. Aliniambia amezaliwa Columbus, baba yake daktari, mama yake akafariki siku ile ile ya kumzaa. Alikwenda California akiwa msichana, akaanza kwa kubeba sinia katika filamu moja bila kusema neno. Kisha wakampa kusema neno moja. Kisha wakagundua kwamba anajua kufa vizuri.

Hapo ndipo maisha yake yalipofunguka. Alikuwa mke mgonjwa, dada mgonjwa, nesi anayeambukizwa na mgonjwa. Watu walilia kwenye kumbi, barua zikaja kwa magunia. Filamu ya farasi ndiyo iliyomleta Louisville, akapendana na fundi viatu aliyemtengenezea buti za kupandia, na mwisho akarudi kuolewa naye. Alipofika miaka arobaini wakaanza kumpa nafasi za mama mkwe. Halafu tangazo la sabuni. Halafu simu ikanyamaza. "Simu haikuaga," aliniambia, "ilinyamaza tu." Nilimhurumia sana siku ile.

Lakini wiki nyingine alisema amezaliwa Buffalo. Alisimulia theluji inayofika dirishani, na mama yake akimpaka mafuta ya mgando miguuni asipasuke. Mama yupi tena, wakati alishafariki? Nilifika nyumbani nikamweleza Koko, maana Koko alinihoji kila nilichosikia.

Akaweka kijiko chini. "Leo ni Buffalo? Bon. Wiki ile ilikuwa Columbus. Donc, basi, alizaliwaka mara mbili?"

"Labda amesahau, Koko."

"Mutu hasahau fasi alizaliwaka. Njia ya mwongo ni fupi. Na ule muzungu anakuulizaka nini, weye?"

Nikasema ananiuliza tulikula nini kambini, tulilala wapi, nani alibaki. Nikaongeza, mjinga mimi, kwamba ana daftari dogo na mara nyingine anaandika. Eeh Mungu wangu! Koko alishika kichwa. Wakati ule mama alikuwa ameshapeleka maombi ya uraia na tulingoja aitwe kuhojiwa. Kwa Koko hesabu ilikuwa rahisi: mtu anayebadilisha hadithi yake, anayechimba ya wengine, na anayeandika, huyo ametumwa na ofisi. Midomo myekundu ilikuwa kazi ya serikali. Usicheke. Mimi mwenyewe usiku ule niliamini, na asubuhi nilimchungulia Bibi Sinema kwenye pazia akimwagilia maua yake, nikaona kweli anamwagilia kijasusi.

Na tulikuwa na cha kuficha. Sasa nakwambia wewe, na hata sasa mkono unasita. Mama aliyepanda basi la alfajiri hakunizaa. Aliyenizaa alikuwa dada yake mkubwa, akafa kwa homa kambini nikiwa mdogo, na mama mdogo akanibeba mgongoni siku ile ile. Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna aliyedanganya. Lakini karatasi ya ofisi ilikuwa na mstari mmoja tu wa mama, na wakubwa walioandikisha waliogopa kwamba mtoto asiye wa tumbo lako ataachwa nyuma. Likaandikwa jina la aliye hai. Jina la marehemu halikuandikwa popote, na nyumbani lilikatazwa kutamkwa nisije nikajikwaa nalo ofisini.

Koko hakunikataza kwenda. Angenikataza, alisema, wangejua tumeshtuka. Nilitakiwa kwenda, kunywa chai, na kujibu kama dosye. Nilijitahidi wiki mbili nzima. Kisha siku moja mvua ilikuwa inanyesha na Bibi Sinema akaamua kunifundisha kulia.

"Usifikirie huzuni," alisema. "Huzuni haileti machozi. Fikiria kitu ambacho mtu alikuwa anashika kwa mikono yake."

Akanionyesha. Alitazama kikombe, na chozi moja likateremka upande aliotaka. Nikasema ngoja nami nijaribu. Nikafumba macho, na kikaja kitu ambacho sikukiita: ncha ya kitenge chenye fundo. Mama aliyenizaa alikuwa akinifungia sukari humo, kidogo tu, halafu analifungua fundo kwa meno huku ananicheka kwa kuwa siwezi kungoja. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Bibi Sinema akanishika mabega akaniambia basi, mama yako atarudi jioni na basi. Nikasema si huyo. Nikasema yule mwingine.

Mdomo uliponza kichwa. Nilimwambia yote.

Kisha na yeye akaniambia siri yake, na nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Columbus na daktari viliandikwa na watu wa sinema. Walimpa jina jipya, meno mapya na mama aliyekufa, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa Buffalo anafua mashuka ya hoteli na ngozi ya mikono yake ilikuwa imebabuka. Siku moja mama huyo alisafiri kumtembelea binti yake California, na waandishi wa magazeti wakabisha hodi. Mama ndiye aliyefungua mlango. Mmoja akauliza huyu nani. Bibi Sinema akasema, ni mfuaji wetu. Mama yake akaitika, "Ndiyo, bibi," akapokea makoti ya wageni akayatundika. Aliondoka kesho yake. Alipokufa, magazeti hayakuwa na habari, maana kwao alikwisha kufa zamani.

"Mama yako anaitwa nani?" aliniuliza.

Nikamtajia. Alilirudia jina vibaya, nikamrekebisha, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Kisha akavuta daftari. Alisema siku hizi anasahau kila kitu na hili hataki kulisahau, akaliandika kwa herufi kubwa kubwa, ukurasa mzima jina moja.

Jumamosi Koko alipouliza "Mama yako ni nani?" nilichelewa kujibu. Sekunde mbili tu. Koko alikuwa amewangoja maofisa wengi mno maishani, hivyo alijua maana ya sekunde mbili. Nikatoa yote, na daftari nikalitaja. Mama aliweka mikono usoni. Hakunigombeza hata kidogo, na ningependa angenigombeza. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi batakukamata kwangu." Hicho ndicho alichokiogopa: si uraia, si kurudishwa, ni mimi kutolewa mikononi mwake.

Koko ndiye aliyepanga. Niende nimwambie Bibi Sinema kwamba nilimdanganya, nina mama mmoja tu, niliyasema yale kwa kutaka kuonewa huruma. Na karatasi yenye jina irudi.

Nilikwenda mchana ule ule. Nilisimama kwenye mlango wake nikasema maneno yote kama nilivyofundishwa, na nilipoona hayatoshi nikaongeza machozi. Unajua nilivyoyapata. Nilifikiria kitenge na fundo lake ili nimkane mwenye kitenge.

Alinisikiliza hadi mwisho, amesimama wima. Kisha akasema, "Machozi yalikuwa ya kweli. Maneno ndiyo uliyoyaharakisha." Akaingia ndani, nikasikia karatasi inachanika. Aliikunja mara nne akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Mpe bibi yako. Mwambie mimi sijui kitu."

Koko aliichoma kwenye jiko la gesi, akafungua dirisha, akageukia maharage yake. Sikurudi tena kwenye kiti cha kijani. Majira ya kuchipua lilikuja gari lenye namba za New York, mpwa wake akabeba masanduku siku nzima, wakampeleka Buffalo. Alisimama njiani akatazama nyumba yetu kwa muda. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Na mahojiano ya uraia? Mama aliulizwa maswali ya historia ya Amerika na kama amewahi kufungwa. Kuhusu mimi hakuulizwa neno. Alitoka analia kwa furaha, na Koko akasema, "Munaona? Kama hatungechoma ile karatasi!"

Beechmont ya siku zile haipo tena. Nilipopita mwaka jana, uani palipokuwa na lengalenga pamewekwa zege, watu niliowasalimia hawakunijua, na mimi niliwatazama kwa jicho baya mpaka nilipojishtukia. Koko tulimzika. Mjomba hakuja kamwe. Mama amestaafu kiwandani, na nikimuuliza habari za dada yake anasema tuache, mwanangu, mambo yamepita. Nilikwenda hadi kwa wazee wa kanisa waliotoka milima ya kwetu kuuliza kama kuna daftari la ubatizo lililonusurika. Kanisa liliungua na madaftari yake.

Kwa hiyo ile karatasi ya Bibi Sinema ilikuwa mahali pekee duniani palipoandikwa jina la mama aliyenizaa, na liliandikwa na mtu aliyejua maana ya kumkana mama mlangoni. Sisi tulimwona jasusi. Mimi ndiye niliyeipeleka jikoni kwa mkono wangu, na niliona herufi ya mwisho ikikunjamana.

Nina kalamu hapa, rafiki yangu, hakuna ofisi inayonihoji. Nimekueleza kila kitu, na jina lake bado naogopa kuliandika.