Nafasi Tupu Kwenye Video ya Mama

Nilitoka Lodwar Jumatatu juu ya lori la kreti za chupa tupu, nikafika Thika Alhamisi. Dereva alikuwa mteja wangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimempikia chapati na maharagwe katika hoteli ya mabati kando ya barabara, kwa hiyo hakuweza kunikatalia. Tulipata pancha Kainuk, tukalala Kitale, tukakaa Nakuru siku nzima tukingoja mtu wa kupokea nusu ya mzigo. Chupa zililia njia nzima. Kila tulipopanda mlima nilijiambia lile ambalo nimejiambia katika safari zangu zote za kurudi nyumbani, kwamba mara hii nakwenda kukaa.

Dada yangu ndiye aliyenipigia simu. Hakunisalimu hata. Alisema, "Mama ameanza kupotea. Juzi ameniuliza kama nimeolewa." Dada ana watoto watatu, na mama ndiye aliyewalea wote.

Nilipofika Gatuanyaga, pikipiki ilikuwa imenipaka vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Aliniangalia, akafurahi kwelikweli, akaniita kwa jina la kaka yake ambaye tulimzika nikiwa darasa la pili. Baada ya chai akili yake ilirudi, akaniita jina langu na kuniuliza kwa nini nimekonda. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Mama alikuwa na hadithi moja. Alitusimulia jinsi alivyofika Gatuanyaga wakati kulikuwa na vichaka vitupu, dada akiwa mgongoni, mbuzi mmoja kwenye kamba, na jinsi mbuzi huyo alivyokataa kuvuka mto mpaka mama akamshusha dada mgongoni na kumbeba mbuzi kwanza. Alimwigiza mbuzi, akamwigiza mpimaji wa ardhi aliyempimia shamba, akaiga hata kilio cha dada kule ng'ambo. Nilikotangatanga nilijaribu mara nyingi kuwasimulia watu hadithi hiyo. Ilitoka mdomoni mwangu imekufa. Uhai wake ulikuwa katika sauti ya mama, na nilikuwa nimekuja kuichukua sauti hiyo kabla haijafutika. Sikutaka kitu kingine.

Tulijaribu kwanza kwa simu ya dada. Mama alipofika mtoni, mtu wa chama chao cha akiba akapiga, video ikakatika. Mara ya pili simu ilijaa. Tuliposikiliza kile kidogo kilichobaki, mama alisikika kama yuko ndani ya pipa, na upepo wa Gatuanyaga, ambao haukosi, ulikuwa umemeza nusu ya maneno. Nikaamua kununua kamera ya video, ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja.

Sikujua kununua kamera siku hizi ni kutafuta matusi. Duka la kwanza Thika, muuzaji alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Bosi, hii ni mpya. Inavuta mpaka mwezini."

"Mwezini sina kazi. Washa nione."

Tulisimama mlangoni. Nilivuta bango la duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara. Herufi zilikuja karibu, karibu, kisha zikageuka vigae kama sakafu ya choo. Nikamwambia hii haivuti, inatanua tu picha ileile kama mtu anayenyoosha sweta. Lenzi yenyewe haikuwa imesogea hata kidogo. Alicheka.

"Mzee, unajua mambo mengi na hununui. Kwani unarekodi harusi ya nani?"

"Narekodi mama yangu."

"Si utumie simu kama watu wengine!"

Niliambiwa hivyo katika maduka manne. Katika moja, kamera ilikuwa imeandikwa kwenye boksi namba kubwa za ubora wa picha, lakini nilipomwomba mwenye duka aniwekee kipande kwenye kompyuta yake tukione, akasema betri haina chaji, tena waya wake umepotea, tena kompyuta ni ya mkewe. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu, lakini najua mtu anayenificha kitu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Ruiru anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika, redio, pasi na spika, katika chumba chembamba nyuma ya soko. Hakunisifia chochote. Aliuliza, "Huyo mama anasimama ama anakaa?"

"Anakaa."

"Utakuwa mbali naye?"

"Hapana, hatua tatu hivi."

"Basi achana na kuvuta. Unataka sauti. Kamera isiyo na shimo la kuchomeka maikrofoni, usiiguse." Akafungua kabati, akatoa kamera ya zamani kidogo, kioo chake cha pembeni kikining'inia kama mlango uliokatika bawaba moja. Ilikuwa nyepesi, inajaa kiganjani, na nilipotembea nayo mpaka sokoni na kurudi, picha haikutikisika sana. Alinipa na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, akaifunika kichwa kwa kipande cha sponji. "Hiyo ni ya upepo. Ukitaka kukatakata baadaye, tafuta kompyuta yenye nguvu. Hizi za kuandikia barua zitakusumbua." Nilimpenda mama yule kwa sababu alinichukulia kama mtu mwenye kazi ya maana.

Sasa, huku kwetu kamera ina kazi mbili. Inakuja kwa ruracio, siku ya kupeleka mahari, na inakuja kwa mazishi. Nilipoitoa uani, mama aliweka ungo chini akauliza, "Haiya! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, maitu, mama yangu. Nataka utuambie vile ulikuja hapa."

"Na hii nguo?"

Aliingia ndani akatoka na sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, akakaa wima na mikono magotini kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hadithi haikutoka. Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya tatu niliiweka kamera juu ya debe la maji, nikaanza kumenya viazi pembeni, na nikasimulia hadithi yenyewe vibaya kwa makusudi. Nikasema mbuzi alikuwa mweusi.

"Mweusi wa wapi! Alikuwa na doa jeupe hapa," akajigusa paji la uso, na akaanza.

Tulirekodi alasiri tano. Alisimulia mto, mbuzi, mpimaji wa ardhi aliyeogopa nyoka. Alisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyolia kwa mara ya kwanza na ya mwisho juu ya shamba hili siku mvua ilipokosa, na jinsi nilivyokuwa nikifungasha nguo zangu kwenye mfuko wa unga nikiwa na miaka sita, nikimwambia naenda. "Nilikuwa nakuacha ufike kwa lango," alisema akicheka, "halafu nakuuliza kama umebeba chumvi." Alikosa maneno mahali pengine, akayatafuta, akayapata. Nilikuwa na kila kitu kwenye kadi.

Kompyuta ya shemeji yangu ilikataa. Picha ziliruka kama panzi, sauti ikatangulia mdomo. Kwa hiyo niliipeleka kadi Kiuu, kule Ruiru, karibu na anapoishi dada, kwa mtu wa video mwenye jina kubwa mtaani. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la kuku, kompyuta mbili kubwa, pazia la kijani ukutani. Nilimweleza taratibu. Kata pale ninaporekebisha kamera. Kata pale ninapokohoa. Mengine yote acha jinsi yalivyo.

"Nimeelewa, mzee. Wewe niachie tu."

Wiki moja baadaye alinikalisha kwenye kiti chake cha magurudumu akabonyeza. Mshumaa ukawaka. Njiwa wakaruka. Waridi likafunguka polepole, na ndani ya waridi akatokea mama yangu, akipepeta mbaazi kwa mwendo wa kobe, huku kwaya ikiimba kwa sauti kubwa. Mdomo wake ulifunguka na kufungwa. Alijigusa paji la uso. Alicheka. Sikusikia neno hata moja. Mwishoni kikaja kioo cheusi chenye maandishi ya dhahabu, jina lake kamili, chini yake "Alizaliwa" na mwaka, na chini ya hapo "Alilala", halafu nafasi tupu.

"Hapo nimekuachia," alisema kwa fahari. "Siku ikifika unaniletea tarehe tu. Hiyo sikuchaji."

"Mama yangu yuko hai."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimeacha wazi."

"Sauti yake iko wapi?"

"Ilikuwa na mbuzi mingi huko nyuma. Nikaitoa nikaweka kwaya."

"Nipe kadi yangu."

Akanipa. Ilikuwa na ruracio ya watu wa Juja. Jumamosi kadi zake hazikutosha, akafuta yangu akaitumia, na kwenye kompyuta alibakiza ile ya kwaya tu, kwa sababu kazi yangu, alisema, ilikuwa imeisha. Alasiri tano! Nilimuuliza nani alimpa ruhusa. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa nani alimpa ruhusa ya kufagia. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mlevi. Alikuwa amefanya kile anachomfanyia kila mtu mwenye mzazi mzee, na wote humshukuru, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi. Mwizi ningempeleka kwa chifu.

Kibaya zaidi, dada aliipenda video ile. Aliitazama akalia, akaipeleka kanisani, wenzake wakalia nao.

"Lakini mama haongei!" nilimwambia. "Ni kama mmeshamziba mdomo."

"Kwani shida ni gani? Siku hiyo itatusaidia. Unajua watu wangapi hawana hata picha moja nzuri?"

"Mimi nilitaka sauti."

Akaweka sufuria chini. "Wewe. Wewe ndiye unataka sauti. Mimi naisikia kila Jumapili nikimwosha miguu. Hadithi ya mbuzi nimeisikia mpaka nimechoka, nikiwa hapa. Wewe ulikuwa wapi? Sasa unataka uibebe kwa mfuko ukienda zako."

Nilikuwa na hatia, na bado nilikuwa na hasira. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Nilirudi Gatuanyaga kesho yake na kadi mpya. Nikaweka kamera juu ya debe, nikamenya viazi, nikasema mbuzi alikuwa mweusi. Mama alitikisa kichwa kwa adabu. Nikasema tena. Alivuta kiti karibu, akanyoosha leso yake, na nikagundua kwamba alikuwa ananichukulia kama mtu wa serikali aliyekuja kuhesabu watu.

"Andika, bwana," aliniambia. "Niko na watoto wawili. Msichana yuko Ruiru. Kijana alienda."

"Alienda wapi?"

"Hiyo andika hujui. Mimi pia sijui." Alifikiri kidogo. "Ukimwona huko kwenu, mwambie kile kipande chake cha shamba nimekipanda mahindi. Asifikirie nimemnyang'anya."

Nilirekodi miezi iliyofuata kila aliponiruhusu. Mto haukurudi tena. Nilipata sauti yake akifukuza kuku, akimsifu mwakilishi wa kanisa, akiniita bwana. Nilijifunza kukatakata mwenyewe kwenye kompyuta ya kukodi Thika, na nilipokaa mbele yake sikuona cha kukata. Niliacha hata kikohozi changu.

Alikufa mahindi yakianza kutoa ndevu. Mtu wa video wa Kiuu ndiye aliyeitwa. Alikuja na mashati meusi mawili ya kubadilisha na kamera inayoruka, akanishika mkono kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mzee. Sasa ile tarehe."

Nilimfuata dada nyuma ya hema nikamwomba tuonyeshe kanda yangu badala ya ile. Hata dakika tano. Watu wamsikie.

"Wamsikie akikuita bwana? Mbele ya kanisa lote? Ati hakujua mtoto wake?"

"Ndiye huyo. Ndivyo alivyokuwa."

"Hapana. Mwache mama atoke na heshima yake."

Jenereta iliwashwa. Mshumaa, njiwa, waridi. Kwaya ile ikaimba na watu wakaimba nayo, mama yangu akafungua mdomo juu ya skrini kubwa na hakuna aliyeona ajabu. Nafasi ilikuwa imejazwa. Nilisimama karibu na matangi ya maji mpaka ikaisha, na sikuimba.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mfuko. Dada alikuwa anasugua sufuria za mazishi uani, mikono imejaa majivu. Alinitazama mpaka nilipofika alipokuwa.

"Si ungengoja hata matanga yaishe."

"Kuna lori Thika linaondoka leo."

Hakushangaa. Alisimama, akanipangusa kola kwa nyuma ya mkono wake ili asinipake majivu.

"Nitarudi," nikasema.

"Usiniambie utarudi. Sema tu umeenda."

Nilitaka kumjibu vibaya. Maneno yalikuwa tayari, mengi, ya miaka. Niliinua mfuko.

"Nimeenda," nikasema.

"Haya," akasema, akarudi kwenye sufuria.