Jina Nililokimbia Nalo

Gunia la maharage makavu lina harufu yake: vumbi, katani, na kitu kama udongo wa ndani ya nyumba usioonja mvua. Nimelala juu ya magunia ya namna hiyo kwenye malori mengi, kutoka Bunia hadi Aru na kurudi. Kila mara harufu ile inaponiingia puani, ninakuwa tena msichana wa miaka kumi na mmoja, niko pekupeku mbele ya kanisa letu la Shari, asubuhi ya Jumapili, ninangoja kukimbia kwa ajili ya baba yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Ituri, katika majuma machache ambayo bunduki zilinyamaza. Baba alikuwa ametoka na baiskeli kwenda kutafuta mihogo. Hakurudi yeye, wala baiskeli, wala mwili wa kuzika. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, hatukufanya matanga. Hakuna jirani aliyekuja kulala uani kwetu, na Mama aliendelea kumwekea sahani yake. Ndipo padri akatangaza kwamba watoto waliofiwa watakimbia hadi uwanja wa shule, ng'ambo ya mto. Kila mtoto akifika atataja jina la mzazi wake kwenye kipaza sauti, na kwa kila jina watu wa kule watamimina kopo la maharage, chakula cha wakimbizi waliolala chini ya maturubai karibu na uwanja wa ndege. Mimi habari ya maharage ilinipita. Nilichosikia ni kwamba jina la baba litatajwa mbele ya watu, kama linavyotajwa la mtu aliyezikwa.

Mama alikubali kwa shida. Wakati ule jina la ukoo lilitosha kumwambia mtu wewe ni wa upande gani, na ng'ambo ya mto walikaa watu wa upande mwingine wa vita. Alinishika kidevu akaniambia, "Utasema Jean, basi. Ile ingine unaiacha hapa nyumbani. Unasikia?" Nikasema nimesikia. Lakini nilikuwa mtoto wa kuuliza, nikauliza, "Na Papa atajuaje kama ni yeye wanamuita?" Mama alinipaka mafuta miguuni, polepole, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayemwandaa bibi harusi.

Tulikimbia. Shule ilikuwa imefungwa miezi mingi, nami sikuirudia tena hata ilipofunguliwa, kwa hiyo miguu yangu ilikuwa na njaa ya barabara. Niliipita miti iliyoungua, nikapita maduka yasiyo na milango, nikavuka daraja ambalo sikuwa nimelivuka tangu baba apotee. Ng'ambo ile watu walisimama kando ya barabara bila kupiga makofi. Walitutazama nyuso, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la mwenzake. Nilitaka kujua walikuwa wanatafuta nini, nikawa ninageuka kila hatua, hadi msichana aliyekuwa nyuma yangu akanifokea, "Kimbia, weye! Uko unakimbia ao unatembea sokoni?"

Uwanjani, katekista alikuwa na kipaza sauti na beseni kubwa la bluu. Juu ya ukuta wa shule walikaa vijana watatu, bunduki mapajani, wakila miwa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Jean."

"Jean nani?" katekista akacheka. "Ma-Jean ni mingi hapa. Hata mbwa ya padri inaitwa Jean. Sema jina yote, mutoto."

Watu wakacheka. Kijana mmoja ukutani akaacha kutafuna. Jina la baba lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Nililisikia lina uzito wake. Nikalimeza. Nikataja jina lililokuja kwanza, jina ambalo nyumba zenye mapacha za upande ule hulitoa kwa yule anayezaliwa wa pili.

"Jean Kato."

Kijana akarudia muwa wake. Maharage yakamwagika ndani ya beseni, nikadhani mambo yamekwisha. Ndipo mwanamke mzee akasukuma watu, akaja mbio na kikapu chake, akapiga magoti mbele yangu. "Toto ya Kato yangu?" akasema. "Jean yangu? Mama yako iko wapi? Mulikuwa mumejificha wapi siku yote hii?" Alininusa shingoni. Alimwaga kikapu kizima ndani ya beseni, hakuacha hata punje. Nilipaswa kusema hapana, neno moja tu. Lakini wale vijana walikuwa wanatazama. Nikatikisa kichwa kukubali, na alipogeuka kuwaita watu wa nyumbani kwake, nikakimbia kuvuka daraja, kwa kasi kuliko nilivyokuja. Mama aliniuliza, "Ulimutaja?" Nikamwambia ndiyo. Jioni ile hakuweka sahani ya baba.

Sikumweleza kamwe, naye sasa amelala Shari, kwenye kaburi lake mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye nilimtafuta yule bibi. Nilikuta msingi wa nyumba umeota majani, na jirani akasema alikufa akiwaambia watu kwamba ana mjukuu ng'ambo ya mto. Tangu hapo sijakaa mji mmoja mwaka mzima.

Mwaka jana nilishuka lorini Bunia nikakuta mbio kama zile. Leo vijana huvaa mapila, fulana mpya za mbio, na mtu huvuka daraja bila kufikiri, ingawa chini ya maturubai bado wamelala wengine, waliokimbia vita kule Djugu. Msichana aliyeandikisha alikuwa na kalamu na vipande vya karatasi vya kubandika kifuani. "Jina ya mzazi, mama?"

"Jean," nikasema.

"Jean nani?"

Nilitazama ukuta. Hapakuwa na mtu juu yake. Msichana alingoja, hana habari na jina lolote, amechoka na jua. Nikafungua mdomo nimtaje baba yangu, na mdomo ukasema Jean Kato. Akaandika, akanibandika. Nikakimbia nalo kifuani njia nzima, nikiwatazama wanawake wazee waliosimama kando ya barabara, uso baada ya uso.