Siku Baba Alipoagiza Viti

Nakumbuka alasiri moja hapa Bunia, mwanangu, nikiwa msichana mwenye mdomo mrefu. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini hatukuuamini ukimya ule. Mbwa akibweka, mtaa mzima wa Lumumba ulifunga milango.

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, akimeza vidonge kila asubuhi. Siku hiyo malaria ilikuwa imemlaza. Kila alichokula alikitapika, ila vidonge vyake alivimeza vilevile, maana alikuwa mtu wa kufuata masharti.

Ghafla akaketi kitandani, akakazia macho mlango uliokuwa wazi. Akaanza kusalimia watu kwa majina. Wote niliwajua, na wote tuliwazika wakati wa vita.

"Leta viti," akaniambia kwa upole. "Bageni bamesimama."

Nikaleta. Cheka tu, wewe ungefanya nini? Kila nilipoweka kiti, Baba aliitikia kwa kichwa, kama vile kuna aliyeketi.

Ndipo dada yake, tantine Furaha, alipoingia, akavuta kiti kimoja akakaa.

"Furaha, unamukalia mugeni!" Baba akapiga kelele.

Tantine hakuinuka. Alimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, linatiririka jasho.

"Alikula nini?" akaniuliza.

"Hapana kitu. Anatapika tu."

"Na kinini ya sukari?" akauliza, akinionyesha vidonge vyake.

"Alimeza."

"Weye unapangia batu benye kufa viti, na sukari inamuishia mu damu! Leta mayi ya sukari, mbio!"

Kwa bahati Baba aliweza bado kumeza. Tantine akamnywesha maji hayo taratibu. Baba akawaaga wale wageni mmoja mmoja, kisha akauliza kwa nini chumba kimejaa viti. Nililia. Tulimpeleka hospitali papo hapo, na muuguzi akatuambia tungechelewa kidogo tungempoteza.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa na sukari na homa ikakushika, vidonge usiviamulie peke yako. Usivimeze kwa mazoea na tumbo tupu, maana vitaishusha sukari mno, wala usiviache kimyakimya, kwani homa yenyewe hupandisha sukari. Muulize muuguzi mapema. Kunywa maji kidogo kidogo, jilazimishe hata uji, pima sukari mara nyingi zaidi. Ukitapika bila kukoma, au ukianza kusinzia na kusema ovyo, upelekwe hospitali mara moja. Na usijifungie ndani peke yako, maana saa hiyo wewe mwenyewe hutajua kwamba unaumwa.

Mungu akujalie uzee mrefu, na waliotangulia wasikuite mpaka uwashike wajukuu zako mkononi.