Palizi Bila Pombe

Harufu ya kimea cha ulezi cha kupikia pombe, kilichoanikwa juani, hainipiti hata leo. Nikiinusa popote, iwe hapa Nyasura, mjini Bunda, au huko Musoma, nageuza shingo kumtafuta mtu ambaye hayupo. Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Butiama, nikiwa na miaka tisa, harufu hiyo ilikatika nyumbani kwetu ghafla. Baba alikuwa mlevi, na sitaki kulipamba neno. Alikuwa akinywa mpaka analala njiani, na wenzangu shuleni walikuwa wakipepesuka mbele yangu wakiita jina lake. Basi Jumapili moja baada ya misa alipiga magoti mbele ya altare, Mama kando yake, akaahidi kuacha. Katekista Maregesi akatupa masharti: nyumbani kusipikwe pombe, na kila jioni, saa vilabu vinapochangamka, mtu mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa aje kusali rozari na kupiga soga na Baba. Walikuja kweli, kwa zamu, hata siku za mvua.

Ila palizi hakuna aliyeikumbuka. Kwetu ukitaka kupalilia pamba ulikuwa unapika pombe, majirani wanakuja na majembe asubuhi, na jua likipanda mnakaa kunywa. Jirani yetu Magesa alimwambia Mama bila kuficha, "Shemeji, sisi tunakujaga penye mtungi. Kwa uji, mtalima wenyewe." Hakuwa mtu mbaya, mkono mtupu haulambwi, na yeye alilisema tu lile ambalo wengine walilimeza. Tukalima watatu, Mama akiwa na mimba kubwa. Mashamba ya wengine yalikuwa yakiimba toka asubuhi, kwetu zilisikika pumzi zetu tu. Jumuiya ilimwombea Baba na kumfariji Mama, mimi nikapapaswa kichwa. Nilikuwa mpweke jamani, tena upweke wa kuona watu kila upande. Baba, ambaye aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, alikuwa akisema, "Tutamaliza tu, mama." Magugu yalikuwa yamenifika kiunoni.

Siku moja nikitoka kuchota maji nilipita nyumba kwa nyumba nikasema, "Baba anawaalika kesho kwenye palizi. Mama ameshapika." Nilidhani wakishaliona lile shamba watatuonea huruma, na uji utawatosha. Asubuhi walifika watu zaidi ya ishirini wakiimba. Baba alisimama mlangoni, machozi yakamtoka. Aliamini wamemjia yeye, hivihivi, bila chochote. "Unaona, mama? Watu wana utu," akaniambia, na akaingia shambani akalima kama kijana. Sijawahi kumwona na furaha ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jua lilipopanda walikaa kivulini, Mama akaleta uji. Magesa akachungulia chungu, akaweka jembe chini taratibu. "Ndugu yangu, tumeitwa kwenye pombe." Kwetu kumlimisha mtu kwa hila ilikuwa aibu sawa na wizi. Baba hakuuliza nani aliwaita. Alitutazama, akamfungua mbuzi wetu wa pekee na kuwaambia, "Twendeni." Akawaongoza kilabuni, mbuzi akabadilishwa kwa pombe. Alasiri Magesa alimrudisha Baba amembeba mgongoni, amelewa chakari. Mimi nikajificha kwenye pamba iliyokwisha kupaliliwa.

Jumuiya haikututupa. Kesho yake Maregesi alikuja na akina mama tisa, majembe begani, wakamaliza palizi bila kuombwa, na tangu hapo ikawa desturi ya parokia kulimia nyumba ya kila aliyeahidi kuacha pombe. Baba aliahidi tena, akaanguka tena, mara ya tatu akashika. Kila walipomuuliza kilichomwangusha siku ile alijibu, "Moyo wangu mdogo." Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilimwungamia padre, akanipa Salamu Maria tatu. Kwa Baba sikuweza kufungua mdomo.

Siku hizi palizi ni ya vibarua, na mtungi haumwaliki mtu. Parokia yetu hapa Bunda ina kikundi cha familia za walevi kinachokutana kila Alhamisi, na watoto wanakalishwa peke yao na sista, wanaulizwa nao wanaonaje. Huwa nawatazama kwa wivu, mtu mzima mimi. Baba alikufa bila kuonja tone kwa miaka mingi. Siku zake za mwisho alinishika mkono, akaniomba nimsamehe kwa ile siku ya palizi. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema.

"Nimekusamehe, Baba," nikamwambia.