Kufuli la Kibanda cha Kobe

Kaka yangu mkubwa alimchukia kobe wetu, nami nilimchukia kaka yangu kwa sababu hiyo. Naanza hapo kwa kuwa ukweli ndio huo, na kwetu juu ya Njoro, barabara inapopanda kwenda Mau Narok, hakuna jirani asiyeujua. Tuliishi boma moja, nyumba mbili zikitazamana, na tungeweza kumaliza wiki nzima tukisalimiana kwa kukohoa.

Kobe alikuwa wa marehemu baba. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi trakta ilipokuwa ikilima shamba la ngano na jembe lake likampitia kobe mgongoni, likampasua gamba. Kwenye usukani alikuwa kaka yangu. Baba alimleta kobe nyumbani amemfunika kwa koti, akaziba ule ufa kwa gundi ya kuzibia matangi ya maji, na kobe akakataa kufa. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja kunywa chai alionyeshwa ule mstari mweusi mgongoni na kuambiwa ni nani aliyeuweka. Sisi tulicheka. Kaka yangu alitoka nje.

Siku za mwisho za baba, akiwa hospitalini, hakuniambia lolote juu ya shamba. Alinishika mkono akasema, “Huyo mnyama, baridi isimuue.” Basi. Mwanaume ana ekari zake, ana ng'ombe, anakufa akiwaza kobe. Lakini nilimkubalia, na neno nililomkubalia mtu aliye kaburini nitamrudishia nani? Nilienda hadi kwa watu wa wanyamapori nikapata karatasi ya kumfuga.

Kobe si ng'ombe. Hana joto lake mwenyewe. Nje kukiwa moto naye ni moto, nje kukiwa baridi naye ni jiwe. Januari, jua likipasua udongo, nilimtundikia magunia apate kivuli na kumwaga maji chini ajilaze kwenye tope. Kaka yangu akipita na debe la maji ya ng'ombe husema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ati kuna watu wana maji ya kumwogesha shetani. Mhubiri fulani alikuwa amemwambia kwamba kila kitambaacho kwa tumbo kimelaaniwa. Nilimuuliza kama yeye na mhubiri wake wamewahi kuhesabu miguu ya kobe.

Julai ndiyo mbaya. Unaamka nyasi ni nyeupe kwa sakitu, na mfereji haupitishi maji mpaka jua litoke. Kwetu kila mama anajua kulea vifaranga kwenye baridi ya namna hiyo: unawasha jiko nje mpaka moshi uishe kabisa, unaliingiza kibandani, unalifunika kwa chungu kikuukuu, unazungusha magunia na kuacha tundu la hewa juu. Nikamlea kobe hivyo hivyo, mzee mzima, nikimwekea na chupa za maji ya moto nilizozifunga kwa sweta la baba. Kibanda nilikiweka chini kabisa, karibu na mtaro, kwa sababu huko upepo haufiki. Watu walinicheka. Wacha wacheke.

Halafu asubuhi moja nikamkuta kaka yangu getini na gunia linalosogea. Alisema anampeleka msituni, arudi kwao, na sisi tupumzike. Nilimpokonya lile gunia. Nikamwambia, “Ulishindwa kumuua na trakta, sasa unatafuta fisi wakumalizie?” Akanyamaza. Nisidanganye, nilifurahia kunyamaza kwake, kwa sababu neno la trakta lilikuwa fimbo yangu na halikuwahi kumkosa. Siku hiyo hiyo nilinunua waya mnene na kufuli, lile kubwa la stoo ya mahindi. Nikakifunga kibanda, na ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba. Aje sasa, nikasema.

Wiki mbili baadaye nilishuka Nakuru kununua chakula cha kuku. Nikiwa bado mjini niliona wingu limeketi upande wa kwetu, jeusi, chini yake jeupe. Niliposhuka stegi nyumbani, nilikanyaga mawe ya mvua yaliyonifika kwenye vifundo. Ngano ilikuwa imelala yote. Nilimwachia mwenye duka la stegini gunia langu la chakula nikakimbia, umri wangu huu, na viatu vya kanisani.

Nilikuwa nimewaza upepo, nimewaza sakitu, nimemwaza kaka yangu. Maji sikuyawaza. Barafu ilikuwa imeziba mtaro, maji yakageuka yakaingia kibandani mpaka karibu na paa, ambalo hunifika mapajani tu. Kobe aliyeganda kwa baridi hawezi hata kuinua kichwa, achilia mbali kuogelea. Nikaingia humo hadi magotini. Mlango ulikuwa umeng'olewa, waya umekunjwa kama karatasi, na kufuli bado limening'inia pale, limefungwa. Ndani hamkuwa na kobe.

Kaka yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwake. Kina mama wawili wa kanisa lake walikuwa wamejikinga mvua barazani. Wazee walisema ndugu wakipigana chukua jembe ukalime, lakini wale hawakwenda popote, walikaa kusikiliza, nami nikawapa cha kusikiliza. Nilimwita mwuaji. Nilisema alingoja mpaka niondoke. Nikachukua na ile fimbo yangu: “Trakta ilishindwa. Leo umeweza, sivyo?”

Alisogea pembeni ili nione ndani.

Kobe alikuwa kwenye karai, amefunikwa sweta la baba, shingo nje, macho wazi. Karai halikuwa karibu sana na moto. Alikuwa ameweka ubao katikati ili joto limfikie polepole. Kumbe alikuwa ananitazama siku zote hizo nikimpasha kobe joto. Ndipo nikaona mikono yake. Waya wangu ulikuwa umeichana mpaka viganja, na utosini alikuwa na uvimbe mahali mawe yalipompiga.

Mtu mwingine angesema asante. Mimi nilisema, “Amekunywa maji?”

“Amekunywa.” Alikuwa akizungusha kitambaa kwenye kidole na hakuniangalia. “Nilikuwa na miaka kumi na nne. Ukiwaambia watu ni mimi nilimpasua, hiyo pia uwaambie.”

Nilihesabu, nikaona ni kweli. Miaka yote hiyo sikuwahi kuhesabu, na baba pia, akiwa na kikombe cha chai mkononi, hakuwahi kusema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wale kina mama walikuwa wanatazama barafu ikiyeyuka uani. Hadithi ya ufa waliijua. Niliwahi kuwasimulia mimi mwenyewe, na walicheka vizuri.

Nikawageukia. “Alikuwa na miaka kumi na nne,” nikasema. “Na ni baba aliyempandisha kwenye trakta.”