Panipuri ya Mjomba Seif njiani kwenda kuposa

Leo panipuri nusura ivunje posa yangu.

Tulikuwa tunakwenda Ibra, huku Oman, kuniposea. Mjomba Seif, msemaji wetu, akasimamisha gari kwa Muhindi muuza panipuri.

"Asili yake kwetu Unguja hii. Wahindi wameiga tu."

Panipuri, kile kipuri cha unga wa kukaanga kilichojaa maji ya nanaa, hutiwa mdomoni kizima. Mjomba, kwa adabu zake, akaking'ata nusu.

Maji ya kijani yakamwagikia dishdasha, kanzu yake nyeupe!

Akaagiza panipuri nyingine.

Ukweni, baba mtu akalikodolea macho lile doa. Hata kahawa haikumiminwa. Nikajiona nazeeka kapera.

"Bwana Seif, umepita kwa yule Muhindi?"

"Naam, sheikh."

"Na hukutuletea? Wallahi chakula chetu sisi tuliozaliwa Tabora hicho!"

Posa imekubaliwa. Wazee bado wanabishana, Unguja au Tabora. Nyinyi mnasemaje?

Muhindi hajaulizwa.